Mama Prezidan Amelala

Mume wangu alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa umoja wetu, hakuna aliyeniuliza kama na mimi nagombea. Walipiga kura za karatasi kwenye ukumbi wa kukodi kule Queensburgh, wakahesabu, wakashangilia, na kabla sijamaliza kupiga makofi akina mama wawili walishanishika mikono, mmoja huku mmoja huku, wakanipeleka mbele kama bibi harusi. Yeye alikabidhiwa muhuri na daftari. Mimi nilikabidhiwa mwiko.

Umoja wetu ni wa watu wote wa Durban wanaoongea Kiswahili na wanaokubali kuja mkutanoni. Wengi ni Warundi na Wakongo. Watanzania tuko wachache, mimi na mume wangu tukiwa watu wa Kigoma, na kuna Wakenya wawili ambao huja kwa ajili ya kurekebisha katiba. Kwa Warundi na Wakongo mwenyekiti haitwi mwenyekiti, anaitwa Prezidan. Kwa hiyo fundi wa makochi wa Cato Manor, mtu ambaye mpaka leo hajui soksi zake zinakaa wapi, akawa Prezidan, na mimi muuza vitenge wa soko la Warwick Junction nikawa Mama Prezidan.

Wajibu wa Prezidan umeandikwa kwenye katiba, kurasa mbili. Wangu haujaandikwa popote, ndiyo maana hauna mwisho. Nisimame mlangoni nimpe kila mtu mkono, hata yule aliyenisema wiki iliyopita. Nikae meza kuu nikiwatazama watu saa tatu nzima bila kujikuna. Mtoto akizaliwa, nimpakate mimi kwanza. Mtu akifiwa, nifike kabla ya turubai. Na kubwa kuliko yote, nifungue masufuria.

Hili la masufuria lazima nilieleze. Katika umoja wetu hakuna anayekula mpaka Mama Prezidan apite kwenye kila sufuria, ainue mfuniko, anuse, kisha aseme, "Karibuni." Desturi hii sijui ni ya nani. Warundi wanasema ni ya Wakongo, Wakongo wanasema ni ya Warundi, na sisi tunasema tuliikuta hapahapa. Siku moja nilichelewa na mzigo wa vitenge nikafika ukumbini saa nzima baada ya wakati. Niliwakuta watu wamekaa kimya wakitazama mifuniko. Wali ulikuwa umeshikana ukawa donge moja, ungeweza kuukata kwa kisu. Mpishi wetu mkuu, mama mmoja Mrundi wa makamo ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, alinitazama bila kusema neno, na ni afadhali angesema.

Wakati huohuo nilikuwa na siri. Nilikuwa nimerudi shule.

Niliacha masomo Kigoma nikiwa kidato cha pili, mwaka aliofariki baba. Palikuwa na ada ya watoto wawili na watoto tulikuwa watano, na waliochaguliwa walikuwa kaka zangu. Sikulia siku ile. Nililia miaka mingi baadaye hapa Durban, kwenye foleni ya kujaza fomu, nilipofika kwenye kisanduku cha elimu nikakiruka, na karani akanirudishia fomu akisema kuna sehemu sijajaza. Nina miaka arobaini na nne. Nilitaka kusomea ualimu wa chekechea, na hapa hawakupokei bila matriki, cheti cha kumaliza sekondari. Basi kila Jumamosi asubuhi nilimwachia jirani yangu wa sokoni meza ya vitenge, nikaenda kwenye darasa la watu wazima mjini.

Aliyejua ni mume wangu tu. Wengine sikuwaambia kwa sababu kwetu mtu akifeli anapewa pole, na mimi kwa cheo changu ningepewa pole na Durban nzima, tena kwa zamu.

Mwalimu wetu wa historia ni mama wa Kihindi wa hapahapa Durban, amestaafu na hajachoka. Simu zote anazikusanya kwenye beseni mlangoni. Mwezi wa kwanza alileta kopo tupu la aiskrimu lenye vikaratasi, kila mmoja achague chake: ndiyo mada utakayosimama kuieleza darasani. Jirani yangu wa kushoto alipata reli. Wa kulia alipata mashamba ya miwa. Mimi nilifungua changu nikakuta: maisha na wajibu wa hadharani wa mke wa rais wa Marekani, karne ya kumi na tisa.

"Mam," nikasema, "mimi na mke wa rais wa Marekani tuna uhusiano gani?"

Alinitazama juu ya miwani. "Kasome, halafu utaniambia."

Sheria yake ilikuwa moja. Kusimama ni Jumamosi ya mwisho ya muhula, dakika kumi kila mtu. Asiyesimama jina lake haliendi kwenye orodha ya mtihani, arudi mwakani. "Msiniletee misiba," alisema. "Ukitaka kufiwa, fiwa Ijumaa au Jumapili."

Nikaanza kusoma, katikati ya wateja, kitabu nimekifunika kwa kitenge. Kwanza nilisoma kwa hasira. Wake wa marais walikuwa wengi, na kazi yao niliitambua ukurasa wa pili: kusimama mlangoni na kumpa kila mtu mkono. Mlango wa Ikulu ulikuwa unafunguliwa, wanaingia wenye kofia ndefu na wenye matope miguuni, na mama wa watu amesimama pale mpaka vidole vinavimba. Nikamwambia mteja aliyekuwa anapima kitenge, "Hawa watu wanajua kutesa." Akadhani nasema juu ya bei, ikabidi nimpunguzie.

Halafu nikampata wangu. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa mke wa askari. Miaka na miaka alimfuata mume kambi hadi kambi, akiota siku watakayotulia nyumbani kwao. Badala yake mume akachaguliwa kuwa rais. Mama yule akahamia Ikulu, akapanda ngazi, akaingia chumbani kwake, akasema afya yake si nzuri. Kupokea wageni akamwachia binti yake. Chini watu wanakula na kucheza, yeye yuko juu na kazi yake ya kushona. Wakamsema kwamba ni mshamba ndiyo maana anafichwa. Hakushuka.

Nilimpenda mwanamke yule kama ndugu. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani, na mteja aliyesimama mbele yangu ilibidi agonge meza.

Basi, wiki mbili kabla ya siku ya kusimama, mume wangu akarudi nyumbani ananyoosha tai ambayo hakuivaa. Diwani wa eneo letu amekubali mwaliko. Atakuja kusikiliza ombi letu la kupata ukumbi wa kudumu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi.

"Siku hiyo nasimama," nikamwambia.

"Si useme wakubadilishie?"

"Hakuna kubadilisha."

Akafikiri kwa bidii, akasema kwa upole kabisa, "Mama watoto, diwani atapita. Historia haiendi popote. Imeshapita yenyewe."

Sikuzungumza naye siku mbili. Nilipika kama kawaida, kwa sababu hasira yangu haina haja ya kulala njaa, lakini sikuzungumza. Siku ya tatu nilimpigia wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke aliyezaliwa kwa ajili ya meza kuu. Nikamuuliza kama anaweza kunishikia nafasi siku moja, kupokea wageni na kufungua masufuria. Sijamaliza sentensi akaniuliza avae viatu vya rangi gani.

Ilibaki sababu. Kusema nina shughuli nyingine haingewezekana, maana Mama Prezidan hana shughuli nyingine. Nikamkumbuka ndugu yangu wa ghorofani, yule mke wa askari. Jumamosi alfajiri mume wangu aliondoka na bakkie yake, ile pikapu anayobebea makochi, akabebe viti na masufuria. Nikamwambia, "Tangulia, nakuja." Gari lilipokata kona nikaandika kwenye kundi la akina mama: "Leo sijisikii vizuri. Wifi atanisaidia. Msihangaike." Nikazima simu, nikachukua mkoba, nikaenda shule.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mbuni maradhi hawakuacha neno, nadhani kwa sababu hawakutegemea ujinga wa kiasi hicho. Kule kwa Wamarekani mwenye nyumba aliugua juu na wageni wakacheza chini. Lakini mimi nilikuwa naishi na watu gani? Miaka kumi na moja niko nao. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea supu mtu aliyeng'olewa jino. Kwetu mgonjwa hapumzishwi, mgonjwa anatembelewa, na mgonjwa akiwa Mama Prezidan anatembelewa na katiba nzima. Nililisahau jambo ambalo hata mtoto mdogo wa umoja wetu analijua. Ndiyo hasara ya kusoma sana.

Zamu yangu ya kusimama darasani ikafika. Nikaanza kwa kusema kwamba cheo cha mke wa rais hakina mshahara wala barua ya kuajiriwa, na huwezi kujiuzulu bila kuachika. Watu wakacheka, nami nikapata pumzi. Nikaeleza mlango, mikono, ngazi. Mwalimu akauliza, "Sasa huyo aliyekaa juu, wajibu wake wa hadharani ulikuwa nini?"

"Kuonekana, Mam. Kazi yote ilikuwa kuonekana. Akagoma."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake, polepole, halafu akasema nimepita na jina langu linakwenda. Nilimshukuru kwa adabu zote. Nilipofika kwenye ngazi za jengo, peke yangu, nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akapanda kuangalia.

Simu ilinionyesha kwamba wifi amenipigia mara kumi na saba, kisha akaacha. Nikafurahi kwamba ameacha. Nikaona mambo yametulia, nikarudi Cato Manor haraka ili mume wangu atakapofika anikute kitandani, nimeugua vizuri.

Tunapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mzulu, tunamwita gogo kama kila mtu anavyomwita bibi hapa. Nilipofungua geti nikaona viatu. Viatu vya kike, vya kiume, vya watoto, vimejaa kuanzia mlango wangu mpaka kwenye bomba la maji. Viatu vingi hivyo kwetu maana yake ni moja, mtu amekufa. Nikamfikiria mume wangu, ile bakkie yenye breki za kubembeleza. Siku mbili sikuongea naye kwa ajili ya mke wa mtu mwingine, tena Mmarekani.

Gogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, ana sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo ya Mama Mkubwa. Yeye si mwanachama, kwa hiyo alijifungulia sufuria mwenyewe.

"Gogo, nani amekufa?"

"Wewe," akasema huku akitafuna. "Au karibu. Nimewaambia: akekho, uphumile ekuseni. Hayupo, ametoka asubuhi, ana vitabu. Mume wako akawaambia nimezeeka." Akanielekezea kijiko. "Mwambie huyo mume wako, Jumatatu tutaongea."

Nikachungulia mlangoni. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa watu mpaka madirishani, wote wamenipa mgongo, wote wanatazama mlango wa chumba cha kulala. Kwenye kochi letu, ambalo spring zake zimetoka kwa sababu fundi wa makochi hatengenezi ya kwake, alikaa diwani, mfuko wa machungwa mapajani. Wifi alikuwa pembeni na viatu vyake vya dhahabu mkononi. Baadaye nilijua kwamba ni yeye aliyeupandisha ugonjwa wangu cheo, akatangaza ukumbini kwamba ni presha. Mama Mkubwa aliposikia presha alivua aproni. Mama Prezidan yuko kitandani na sisi tule? Wakabeba masufuria, wakabeba viti, wakambeba na diwani.

Na mbele ya mlango wa chumba, mgongo umeuegemea, alisimama mume wangu. Alikuwa ndiye wa kwanza kuingia mle. Alikikuta kitanda kimetandikwa, daftari langu halipo, akaelewa yote. Angeweza kutoka akasema, jamani, mke wangu ametudanganya. Alitoka akafunga mlango akasema, "Amelala." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai.

Mama Mkubwa alikuwa anaomba, mikono ameinyoosha kuelekea kitanda kitupu. "Ee Mungu, Mama yetu iko nalala. Haina hata nguvu ya kufungua macho. Umuamushe, Mungu. Umurudishe mu kazi yake."

"Amina," nikasema.

Naapa sikukusudia. Nimesema amina maisha yangu yote, maombi yakiisha mdomo unafunguka wenyewe. Lakini sauti yangu wanaijua, ni ileile inayosema karibuni. Vichwa vyote viligeuka pamoja. Nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wa mlango, mkoba begani, kalamu kwenye kilemba.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Haleluya!" Wengine wakaitikia. Mama mmoja akaanza kulia. Diwani akasimama, machungwa yakabingirika sakafuni, akatazama mlango uliofungwa, akanitazama mimi. Ilikuwa pale, jamani, muujiza kamili, ninyooshe tu mkono niuchukue. Nikaufikiria, sisemi uongo tena. Kisha nikamwona mume wangu kule mbele, bado ameshikilia kitasa, akilinda chumba kisicho na mtu.

"Sikuwa mgonjwa," nikasema. "Nilikuwa shule."

"Ulisimama?" Ni mume wangu aliyeuliza, kutoka mlangoni, kana kwamba tuko wawili tu.

"Nilisimama."

"Ukapita?"

"Nikapita."

Aliachia kitasa, akateleza mpaka chini akakaa sakafuni, akafuta uso kwa tai. "Basi sharp, safi," akasema. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi alikuwa amenyoa.

Mama Mkubwa hakuwa amemaliza. Alikuja mpaka mbele yangu, mikono kiunoni. "Mama Prezidan. Kila mukutano unatupatia mukono pale mulangoni. Kumbe uko nasoma, na hautuambie? Tungekuja kule ku shule! Tungeleta chakula!"

"Ndiyo sababu sikuwaambia."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kisha diwani, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, na mwisho Mama Mkubwa mwenyewe, kwa shingo upande. Nikauliza kama wameshakula. Wakanishangaa. Nani angefungua? Diwani wa watu alikuwa hajaonja kitu tangu saa nne, na njiani alikuwa ameshaahidi ukumbi mara mbili kwa njaa. Nikatoka uani nikainua mifuniko mmoja mmoja, nikanusa, nikasema karibuni, na gogo akaja kuongeza.

Tulipokwisha kula Mama Mkubwa akanawa mikono, akavuta kiti. "Sasa tuambie. Kule ku shule ulisema nini?"

Nikasimama uani kwangu nikaeleza upya, kwa Kiswahili, bila karatasi. Ilikuwa nzuri kuliko ya asubuhi. Nilipofika kwenye mikono ya kupokea wageni mume wangu aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ngazi, akina mama walikuwa wamesogeza viti.

"Chakula cha hao wageni," Mama Mkubwa akauliza, "nani alikuwa anapika?"

"Watumwa."

Akatikisa kichwa. Akauliza tena, "Na huyu mama, kule yulu ya ngazi, ile ugonjwa ilikuwa ya kweli ao ya bongo, ya kudanganya kama yako?"

"Haijulikani vizuri."

"Nani alipanda kumuona?"

Swali hilo mwalimu hakuniuliza. Nilipekua kichwa changu chote, kurasa zote nilizosoma chini ya kitenge. "Vitabu havisemi," nikajibu.

"Watu yote wako chini nakula, na hakuna mutu alipanda hata na chungwa moya?"

"Havisemi, Mama."

Alikaa akilifikiria, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Mimi niliyekuwa nimemwonea wivu mwanamke yule miezi miwili nilitazama pembeni.

"Basi mu mtihani wako uandike hivyo," akasema. "Andika: hakukuwa na watu."

"Kwenye mtihani hawaulizi hivyo."

"Wanauliza nini?"

"Tarehe."

Mama Mkubwa alinitazama kwa muda mrefu, kwa huruma yote aliyoibeba kutoka Queensburgh pamoja na masufuria, na ambayo mpaka wakati huo hakuwa amepata wa kumpa. Akanishika mkono.

"Eish," akasema. "Pole sana."